Mbwa Asiye na Mwenyewe

"Tazama, mama," daktari mkubwa aliniambia, akainua chupa ya kioo mbele ya dirisha ili nione vizuri. "Umeshika kabisa. Hata mahali palipovunjika hupaoni."

Ndani ya chupa mlikuwa na mfupa wa muundi, mweupe, umetolewa nyama yote, umelala katika maji ya dawa yaliyonichoma macho kutoka mlangoni. Ubavuni mwake kulikuwa na bamba la chuma na skrubu sita. Kwenye kifuniko walikuwa wamebandika karatasi yenye namba. Nilisimama na kamba mkononi, kamba mpya ya katani niliyoisuka siku mbili, kwa sababu ya zamani ilikatika siku ile ya gari. Nilikuwa nimekuja kumchukua mbwa wangu nyumbani.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Nani?"

"Mwenye huo mguu."

Akaitazama ile kamba. Akanitazama mimi. Akaishusha chupa mezani taratibu, akaizungusha ile namba ielekee ukutani, kana kwamba sikuwa nimeshaisoma.

"Lakini mama," akasema, "yule hakuwa na mwenyewe."

Haya ninayaandika kwa Kiswahili kwa sababu wale ninaotaka wanijibu hawajui Kisomali. Shule nilifika darasa la tatu. Kiswahili nilikipata Modogashe, nikiuza maziwa ya ngamia kwa madereva wa malori na askari wa kizuizi cha barabarani, ndiyo maana matusi nayajua vizuri kuliko heshima. Binti yangu amenirekebishia herufi. Maneno amekatazwa kuyagusa.

Majina siandiki. Watu wenyewe ni wanne, na kila mmoja akisoma kazi aliyoifanya atajijua. Wa tano ni mimi, na mimi pia sitajiacha.

Mbwa huyo nilimpata Ijara, wakati mume wangu angali hai na tulikuwa na mbuzi wa kuhesabika kwa makundi. Kwetu mbwa haingii nyumbani. Anakaa zizini, kazi yake ni fisi na mbweha, na dini inaruhusu hivyo. Humshiki. Akikugusa na ute wake unaosha mara saba, moja kati ya hizo kwa mchanga. Mtoto wa Kisomali anajua hilo kabla hajajua kuvaa viatu. Kwa hiyo nilimlisha kwa mbali, nikamwita kwa kugonga kibuyu, na jina alilokuwa nalo ni langu mimi na yeye.

Mwaka wa ule ukame mkubwa fisi waliacha kungoja giza. Mmoja aliingia zizini alasiri, jua likiwaka. Mume wangu alikuwa amekwenda kisimani. Nilimpiga fisi kwa fimbo, akauacha mguu wa mbuzi akaushika mkono wangu. Nilisikia mfupa ukikatika. Sauti yake ni kama ya kuni mbichi. Watu wa boma la jirani walisikia mayowe, wamekubali wenyewe kwamba walisikia, na hakuna aliyetoka. Aliyekuja ni mbwa. Alimng'ang'ania fisi shingoni mpaka akaniachia, na sikio lake moja likabaki kinywani mwa fisi.

Garissa mjini madaktari waliniwekea chuma mkononi. Kipo hadi leo. Vidole viwili havikunji, na msimu wa baridi ule mkono unaniamsha kabla ya adhana. Lakini hai niko. Nilipolazwa hakuna aliyeniuliza mimi ni wa nani ndipo aamue kama nitarudi nyumbani.

Mume wangu alipofariki nilihamia mjini na binti yangu na mbuzi wanane waliobaki. Tulipokelewa na shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Alitupa chumba pembeni mwa kiwanja chake na sehemu ya ua kwa ajili ya mbuzi. Kuhusu mbwa alisema neno moja tu.

"Nje."

Basi mbwa akakaa nje ya ua wa miiba, upande wa mbuzi, miaka mitatu. Asubuhi alinisindikiza nikienda kuuza maziwa, nyuma yangu hatua ishirini, kama mlinzi wa mkubwa serikalini. Mtaani waliniita Mama Mbwa. Mke wa shemeji alikuwa hodari wa hilo.

"Mama Mbwa, bwana wako anakungoja mlangoni!"

"Afadhali wangu anangoja," nilimjibu siku moja. "Wako yuko wapi tangu juzi?"

Alinikasirikia wiki nzima. Wallahi ilikuwa wiki nzuri.

Gari lililomvunja lilikuwa la miraa. Yanajua kukimbia hayo, mzigo usikauke. Halikusimama. Mguu wa nyuma wa kushoto ulining'inia kama soksi iliyojaa mawe, na mfupa ulitokeza kidogo nje ya ngozi. Nilimfunga kwa kitambaa cha leso yangu na vijiti viwili. Nikaosha mikono mara saba. Maji kwetu tunanunua kwa mkokoteni wa punda, na mke wa shemeji alisimama akinitazama nikimimina.

"Mtungi mzima," akasema. "Kwa ajili ya najisi."

Siku ya pili nikasikia sokoni kwamba kuna madaktari wa wanyama kutoka Nairobi, wamepiga hema kwenye soko la mifugo. Hawakutaka ng'ombe wala ngamia. Walitaka mbwa na paka waliovunjika mifupa. Walikuwa na bamba jipya, jembamba, wanataka kujua kama mfupa utashikana nalo vizuri, na siku moja huenda bamba hilo likatumika hata kwa watu. Utafiti. Wanatibu bure. Watu walicheka sana. Mzee mmoja aliuliza kama wanaotibu mbwa na wao wanatafuna miraa.

Nilimpakia kwenye mkokoteni wa punda nikaenda. Kwenye hema palikuwa na foleni na meza, na mezani alikaa mkalimani, kijana wa hapa hapa, mfanyakazi wa ofisi ya mifugo, mteja wangu wa maziwa kila asubuhi. Huyo alimjua mbwa wangu. Alimwona nyuma yangu kila siku ya Mungu, na mara kadhaa alimtupia mfupa.

Foleni ilikuwa na wanaume wengi wa sokoni waliokuja kutazama kichekesho. Na pale kando, ameshika bakora yake, alikuwa shemeji yangu. Alikuja kuuza fahali, akaona watu, akasogea.

Mkalimani akauliza kwa sauti ya mnada, kama fomu ilivyotaka:

"Habaryar, huyu mbwa ni wako?"

Habaryar ni mama mdogo, ndivyo anavyoniita. Watu wote wakageuka. Shemeji akageuka.

Sasa wewe usiye wa kwetu utasema, jambo gani hili, sema ndiyo, uondoke. Hujasimama pale. Hujawa mjane katika kiwanja cha mtu. Mwanamke wa Kisomali kusema mbele ya wanaume, mbele ya kaka wa mumewe, kwamba yeye ana mbwa, mbwa wake, kama Mzungu! Mbuzi ni wangu, ndiyo. Mbwa ni wa zizi. Hata Ijara tulisema hivyo, mbwa wa zizi, hatukusema mbwa wa fulani.

"Si wangu," nikasema. "Nimemwokota njiani. Nimemhurumia tu."

Mtu mmoja akasema mashallah, huruma. Mkalimani alinitazama kidogo. Alijua. Akainamisha kichwa akaandika, na nikabandika kidole gumba mahali penye wino chini ya neno ambalo sikulisoma. Kosa langu mimi ni hilo. Nimelisema. Wengine waseme yao.

Walimfanyia upasuaji siku hiyo hiyo. Walimchoma sindano ya usingizi, wakampeleka kwenye chumba nyuma ya ofisi ya mifugo, na baada ya saa tatu walimtoa ulimi ukiwa nje, mguu umenyolewa, umeshonwa mstari mmoja ulionyooka kama wa fundi cherehani. Daktari mkubwa mwenyewe ndiye aliyeshona. Nitasema kweli, mkono wake ni mwepesi. Aliona kovu langu akauliza, nikamweleza habari ya fisi.

"Basi wewe na yeye mna chuma," akasema.

"Yeye chake kipya," nikamjibu. "Changu kimepata kutu."

Akacheka. Nilimpenda siku ile. Nilimwombea dua mimi, mpumbavu mkubwa.

Mbwa aliwekwa kwenye kizimba, na kila Jumatano niliruhusiwa kumtembelea. Nilimpelekea maziwa na mabaki ya nyama kutoka hotelini. Kulikuwa na vizimba vya paka upande mmoja na vya mbwa upande mwingine. Paka walikuja kutazamwa na familia nzima, watoto, nyanya, mtu na kaka yake. Paka ni msafi, anakunywa kwenye bakuli lako na hakuna neno. Upande wa mbwa nilikuwa peke yangu.

Aliyewatunza alikuwa daktari wa kike, mpole, wa bara, anayefunga kitambaa kichwani akiingia sokoni ili asiwaudhi watu. Aliniita mama. Alinionyesha picha za eksirei: wiki ya pili, ufa mweusi, wiki ya sita, ukungu mweupe umeanza kuuziba, wiki ya tisa, ufa haupo. Mbwa alikuwa anakanyaga. Alikuwa akinisikia mlangoni anapiga mkia kwenye mabati mpaka paka wanapiga kelele.

"Huyu ndiye bora kuliko wote," daktari wa kike akasema wiki ile ya tisa. Kisha akazikusanya picha. "Mama, wewe humjui mwenyewe?"

"Mwenyewe wa nini?"

"Wa mbwa."

"Kwa nini unauliza?"

Akaniambia bila kunitazama. Wanyama wenye wenyewe hupigwa picha halafu hurudi nyumbani. Wasio na wenyewe, wiki ya kumi na mbili, huchomwa sindano wasiamke, mfupa unatolewa, unakatwa mwembamba kama karatasi na kutazamwa kwa hadubini. Picha haionyeshi kila kitu, akasema. Na mnyama asiye na mwenyewe akiachiliwa mtaani atapigwa mawe au atagongwa tena. Kamati huko Nairobi imekubali.

"Na paka?"

"Paka wote wana wenyewe, mama."

"Na mbwa?"

"Mbwa wote hawana."

Paka wote wanao, mbwa wote hawana. Watu waliosoma mpaka macho yakahitaji miwani waliandika hivyo kwenye vitabu vyao, ukurasa baada ya ukurasa, na hakuna aliyejiuliza huu ni mji wa namna gani.

"Ni wangu," nikamwambia. Nilisema palepale, na vizimba vikasikia. "Huyu ni mbwa wangu. Amekuwa wangu miaka minane."

Alifurahi, nilimwona. Akasema basi fomu irekebishwe tu, niende kwa mkalimani, bado kuna wiki tatu.

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Nilimkuta ofisini anakunywa chai.

"Badilisha ile karatasi," nikamwambia. "Wewe unajua ni wa nani."

"Najua, habaryar. Lakini ulisema mbele ya watu."

"Nilisema kwa aibu."

"Sasa nikibadilisha si nitaonekana niliandika uongo?" Akakoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka. "Fomu ya mwenyewe inataka mkuu wa nyumba aweke sahihi. Mlete shemeji."

"Shemeji ndiye aliyenifanya niseme vile."

"Basi niachie. Nitazungumza naye mimi. Inshallah kesho."

Wiki nzima nilimuuzia maziwa kila asubuhi, na kila asubuhi ilikuwa kesho. Wiki ya pili nilimnyima maziwa. Akaanza kununua kwa mwingine.

Basi nikaenda kwa shemeji mwenyewe. Nilimngoja amalize kula, nikakaa chini, nikasema kwa adabu yote niliyofundishwa kwamba mbwa yule atauawa kama hakuna sahihi.

"Mbwa gani?" akauliza.

"Wa zizi. Unamjua. Analinda mbuzi wako pia."

"Mimi sina mbwa."

"Niandikie basi kwamba mimi ninaye."

"Nyumbani kwangu," akasema, akifuta mikono, "niweke sahihi yangu, na jina la baba yangu, kwenye karatasi ya serikali, kwamba hapa kuna mbwa? Ikasomwe Nairobi? Mke wa marehemu ndugu yangu, akili zimekutoka?"

"Walaal, ndugu yangu, aliniokoa. Mkono huu."

"Mungu ndiye aliyekuokoa."

Hapo hakuna cha kujibu, na yeye anajua hakuna. Ndiyo sababu alilisema.

Jumatano ya wiki ya kumi na moja nikarudi kwa daktari wa kike. Nikamwambia sahihi sina, lakini mimi niko hapa, kidole changu ndicho kile kile, chukua tena kidole. Akaniuliza nina kitambulisho. Nilikuwa nacho. Akanakili namba kwenye daftari lake dogo. Akasema daktari mkubwa anarudi kutoka Nairobi Jumatatu, na atamwambia.

"Utamwambia kweli?"

"Nitamwambia, mama."

"Niape au uape?"

Akacheka kidogo, akanishika bega. "Rudi Jumatano na kamba."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko sala ninazoswali kwa siku. Rudi Jumatano na kamba. Mtu hasemi hivyo kama hana nia. Ama anasema hivyo ili uondoke.

Siku hizo nilikaa nikisuka. Nilimwambia binti yangu tukimpata tutahama, tutapanga chumba chochote, hata kando ya mto. Alikubali. Alikuwa amechoka na kuitwa mtoto wa Mama Mbwa, na bado alikubali.

Jumatano nilifika saa mbili asubuhi. Vizimba vya mbwa vilikuwa wazi vyote, vimeoshwa, sakafu bado ina maji. Upande wa paka watoto walikuwa wanachezea vidole kwenye waya. Daktari wa kike hakuwepo. Waliniambia amesafiri jana yake. Daktari mkubwa akanikaribisha ofisini kwa furaha, akaniambia ananikumbuka, mwanamke wa fisi, aliyekuwa akiwaletea wanyama chakula, mwenye huruma. Alidhani nimekuja kuaga. Akataka kunifurahisha. Akafungua kabati.

Yaliyobaki ni yale niliyoanza nayo.

Nilimwambia nilikwisha sema ni wangu. Nilimwambia namba yangu ya kitambulisho iko kwenye daftari la daktari wenu. Akafungua faili, akanigeuzia nione kidole changu. "Hapa," akasema, "hiki si chako?" Nikamuuliza, jana hukuambiwa? Juzi hukuambiwa? Akasema pole sana mama. Nikamuuliza tena. Akasema pole sana mama, na akanipa glasi ya maji. Sikuyanywa. Niliomba mwili. Wakasema ulishachomwa moto, ndiyo kanuni. Niliomba mfupa. Wakasema huo ni mali ya utafiti.

Kwa hiyo alikuwa na mwenyewe mwishowe. Mwenyewe ni utafiti.

Mbuzi walimalizika kabla ya mvua. Watatu waliliwa na mbweha mchana, na wengine niliwauza wakiwa hai bado. Shemeji alilaumu mbweha. Sasa nauza chai karibu na soko la mifugo, pale hema lilipokuwa, na mkalimani hupita upande wa pili wa barabara. Amepanda cheo. Binti yangu ameniambia ile habari imeshaandikwa katika jarida la madaktari, kwa Kiingereza, na bamba linafanya kazi. Alinitafsiria sehemu ya mbwa. Wametajwa kama wanyama wa mtaani wasio na wenyewe. Wangu naye yumo humo, amepewa mstari pamoja na wenzake.

Nilikwenda ofisi ya mifugo mara nne. Ya kwanza waliniambia nilete barua. Ya pili walipokea barua. Ya tatu barua haikuonekana. Ya nne askari mlangoni, Msomali mwenzangu, alinicheka usoni: "Eeddo, shangazi, watu wanalilia ngamia, wewe unalilia mbwa?" Nikamwambia ndiyo, nalilia mbwa. Nilisema kwa sauti, na watu wakageuka, na sikufa. Kumbe mtu hafi. Hilo nalo nilijifunza wakati halina faida tena.

Sidai fidia. Mkalimani hatajibu, namjua. Shemeji atajibu kwa Mungu, na huko ana maneno mazuri. Ninyi wawili mliobaki mna kalamu, mna ofisi, na haya mtasomewa hata kama hamtaki kuyasoma. Daktari wa kike, Jumatatu ile ulimwambia au ulinyamaza? Daktari mkubwa, ulipovuta dawa ndani ya sindano, uliambiwa mbwa huyu ana mwenyewe au hukuambiwa? Mmoja wenu alijua. Nataka jibu la ndiyo au hapana, limeandikwa, lina sahihi yako kama lile faili lilivyokuwa na kidole changu, na lifikishwe kwangu sokoni, mchana, mbele ya watu.